Kalamu ya Perpetua na Mikono ya Wengine: Uhakiki wa Masimulizi ya Shahidi wa Karthago

Majina Perpetua na Felista si mageni masikioni mwetu. Yamo katika vitabu vya ubatizo vya parokia nyingi za Kenya na Tanzania, na kila tarehe 7 Machi Kanisa Katoliki huwakumbuka wanawake wawili walioyabeba kwanza, yaani Vibia Perpetua na Felicitas, ambao waliuawa pamoja katika uwanja wa michezo wa Karthago mwaka 203. Lisilojulikana sana ni kwamba Perpetua huyo alikuwa mwandishi. Kurasa zake, alizoziandika gerezani siku chache kabla ya kuuawa, ni miongoni mwa maandishi ya awali kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia, nazo ziliandikwa katika ardhi ya Afrika, mahali ambapo leo ni Tunisia.

Makala haya yanakusudia kuzitazama kurasa hizo kwa jicho la mhakiki wa fasihi. Wahubiri wamekwisha kufanya kazi yao juu yake kwa karne kumi na nane, na si nia yangu kushindana nao. Hoja yangu ni kwamba ibada iliyomzunguka Perpetua ilikuzwa kwa sehemu kubwa na watu waliomsemea, na kila aliyemsemea alimpunguzia kitu. Hapana budi basi kutenganisha mkono na mkono, ili tuone uchaji wake yeye mwenyewe ulikuwa na sura gani kabla haujafinyangwa na wengine.

Tuanze na umbo la matini. Masimulizi hayo, ambayo kwa Kilatini huitwa Passio, hayakutungwa na mtu mmoja. Kuna dibaji ya mhariri asiyejitaja jina, mtu wa maneno mengi, anayetaka kuthibitisha kwamba Roho hutenda katika siku zake kama alivyotenda zamani. Kisha mhariri anatujulisha wafungwa. Walikuwa wakatekumeni vijana, nao ni Revocatus na Felicitas, watumwa wa bwana mmoja, Saturninus, Secundulus, na Perpetua mwenyewe, mwanamke wa miaka ipatayo 22, wa ukoo bora, mwenye elimu, aliyeolewa na mwenye mtoto wa kunyonya. Hapo mhariri anatuambia kwamba yanayofuata Perpetua ameyaandika kwa mkono wake. Baada ya kurasa zake huja njozi ya Saturus, mwalimu wao aliyejitoa mwenyewe ili afungwe nao, na mwishowe mhariri anarudi kusimulia vifo vyao. Kwa hiyo tuna sauti tatu katika kitabu kimoja kifupi, na mara nyingi zimesomwa kana kwamba ni moja.

Je, ni kweli kwamba Perpetua aliandika? Swali hili ni la zamani. Augustino, askofu wa Hippo, akibishana mwanzoni mwa karne ya tano juu ya asili ya roho, aliigusa habari ya ndugu yake Perpetua na kuongeza kwa tahadhari maneno yenye maana ya kwamba huenda mwandishi alikuwa yeye au mtu mwingine yeyote. Wako wataalamu wa siku zetu wanaoshikilia shaka hiyo. Mimi naona ushahidi wa mtindo una nguvu. Mhariri huandika sentensi ndefu zilizopindwapindwa kwa ufundi wa shule ya balagha. Perpetua huandika sentensi fupi zilizounganishwa kwa kiunganishi kimoja tu, tendo baada ya tendo, bila pambo. Erich Auerbach aliuona unyenyekevu huo wa lugha na kuuthamini. Mfasiri wa Kiswahili atauhisi mara moja, kwa kuwa kurasa hizo zinaiomba -ka- yetu ya masimulizi: nikaenda, nikaona, nikaogopa. Dibaji ya mhariri haiombi -ka- hata kidogo. Huomba “ambaye” na “ili kwamba”, na humchosha mfasiri. Mtu anayeweza kughushi tofauti ya namna hiyo angekuwa mtunzi mkubwa kuliko mhariri tuliye naye. Wapo waliosema kwamba mhariri ni Tertullianus, mwandishi mashuhuri wa Karthago wa siku zile. Sioni sababu ya kutosha, na jambo hilo halibadili hoja yangu.

Sasa tuingie gerezani. Mwandishi wa masimulizi ya watakatifu kwa kawaida angemwonyesha shahidi akiimba zaburi katika minyororo. Perpetua anaanza na giza. Anasema aliogopa kwa kuwa hakuwahi kuona giza la namna ile. Anataja joto la watu waliosongamana, askari wanaonyang'anya, na juu ya yote wasiwasi juu ya mtoto wake. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, wanawalipa walinzi fedha ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache mahali penye nafuu. Perpetua halifichi jambo hilo, wala halitafutii udhuru wa kiroho. Hiyo ilikuwa rushwa, na ilisaidia. Hapo akamnyonyesha mtoto aliyekuwa amekwisha kudhoofika kwa njaa. Aliporuhusiwa kukaa naye gerezani, nguvu zikamrudia, na gereza likawa machoni pake kama jumba la kifalme ambalo asingependa kuliacha.

Fasihi ya kifungoni si ngeni kwetu. Abdilatif Abdalla alizitunga tungo za Sauti ya Dhiki (1973) akiwa mfungwa kati ya 1969 na 1972, na Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Detained mwaka 1981. Nadhani kurasa za Perpetua zina udugu wa karibu zaidi na utanzu huo kuliko na utanzu wa maisha ya watakatifu, ambamo zimehifadhiwa. Mwandishi wa gerezani hana mwisho mkononi, naye huandika akiwa ndani ya jambo lenyewe. Mwandishi wa maisha ya mtakatifu anaujua mwisho kabla ya kuanza, na kila kitu hukipima kwa mwisho huo. Perpetua mwenyewe anaikiri tofauti hii anapofunga: amesimulia hadi siku ya kuamkia michezo, yatakayotokea katika michezo, na ayaandike atakaye. Ni sentensi ya mtu anayejua kwamba kalamu itapita katika mikono mingine. Na kweli ilipita.

Uhusiano wake na baba yake ndio moyo wa kurasa hizi, na ndio ulioonewa zaidi na wasomaji. Baba anamjia mara kadhaa. Mara ya kwanza binti anamwonyesha chombo kilichokuwa mbele yao, mtungi au cha namna hiyo, na kumwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina jingine lisilokuwa lake. Naye vivyo hivyo hawezi kujiita isipokuwa alivyo, Mkristo. Baba anakasirika, anamrukia kana kwamba atamng'oa macho, kisha anaondoka akiwa ameshindwa pamoja na hoja za shetani. Neno hilo la shetani limekuwa kipenzi cha wahubiri, ambao hulitanda juu ya baba kuanzia hapo hadi mwisho. Lakini tusome mbele. Mara ya pili mzee anambusu mikono, anajitupa miguuni pake akilia, wala hamwiti tena binti bali bibi, kwa heshima ambayo mtumwa humpa mwenye nyumba. Perpetua hapa hamtaji shetani. Anasema alimhuzunikia, kwa kuwa katika jamaa yake yote yeye peke yake hangelifurahia teso lake. Mbele ya Hilarianus, liwali wa muda aliyeshika nafasi ya gavana aliyefariki, baba anakuja na mtoto mikononi kumsihi tena, na Hilarianus anaamuru mzee huyo atupwe chini na kupigwa fimbo. Binti anaandika kwamba alisikia uchungu kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa. Baada ya hukumu baba anakataa kumrudisha mtoto. Siku za mwisho anakuja tena, anang'oa ndevu zake na kuulaani uzee wake.

Hapa ndipo penye thamani ya matini haya. Imani yake haikumfanya asimpende baba, wala upendo haukumfanya aikane imani, na hakuna mahali ambapo anajaribu kuyapatanisha mambo hayo mawili. Anayaacha yaume pamoja. Mhubiri anahitaji baba awe mshawishi ili ushindi uwe safi. Mwandishi hakuuhitaji usafi huo.

Njozi zake ni nne. Katika ya kwanza anaona ngazi ya shaba ifikayo mbinguni, nyembamba, imepigiliwa panga na mikuki kila upande, na joka kubwa limelala chini yake. Anapanda kwa kulikanyaga joka kichwani. Juu anakuta bustani, na mzee mwenye mvi aliyevaa kama mchungaji, anakama kondoo. Mzee anamkaribisha, anampa kipande cha ule mgando wa maziwa aliokuwa akiukama, naye anakipokea kwa mikono iliyounganishwa na kukila. Anaamka kinywa chake kikiwa bado kinatafuna kitu kitamu asichoweza kukitaja. Wafafanuzi wamekwisha kutuambia kwamba hii ni ekaristi, au ni maziwa na asali waliyopewa waliobatizwa karibuni. Yawezekana. Lakini yafaa kukumbuka ni nani aliyeota. Ni mama aliyekuwa akiwaza maziwa usiku na mchana. Amemlisha mtoto gerezani, naye mbinguni analishwa. Na baadaye mtoto atakapozuiliwa, ataandika kwa shukrani kwamba mtoto hakutaka tena kunyonya, wala matiti yake hayakuvimba kwa maumivu. Anaihesabu hiyo kuwa rehema ya Mungu. Hakuna mwanateolojia ambaye angeiweka rehema mahali hapo kama si mama mwenyewe.

Njozi ya pili na ya tatu zinamhusu Dinocrates, ndugu yake aliyekufa akiwa na miaka saba kwa ugonjwa wa kuoza uso. Anamwona ana kiu, mbele ya birika la maji ambalo ukingo wake umemzidi kimo. Anamwombea siku nyingi, kisha anamwona tena akiwa safi, ukingo umeshuka hadi kitovuni pake, anakunywa atakavyo, na anakwenda kucheza kama watoto wachezavyo. Nitazipita haraka, si kwa kuwa ni duni, bali kwa kuwa zimejadiliwa sana kuhusu toharani hata mtoto mwenyewe amesahauliwa.

Ya nne inahitaji kukaa. Usiku wa kuamkia michezo anaota shemasi Pomponius akimpeleka uwanjani. Anayetoka kupigana naye ni Mmisri wa sura ya kuchukiza. (Matini haitaji rangi yake, nami siungi mkono wasomaji wa siku hizi wanaoipaka.) Anavuliwa nguo, anakuwa mwanamume, anapakwa mafuta kama wapiganaji, anapigana, anainuliwa hewani, na kumkanyaga Mmisri kichwani. Kutokana na njozi hiyo wengi wamehitimisha kwamba mwanamke hana budi kuuacha uanauke wake ndipo awe shahidi. Augustino katika hotuba zake za sikukuu ya mashahidi hawa alishughulika sana na jinsia yao, akistaajabu kwamba wanawake waliweza, na kuipeleka habari hiyo kwenye utu wa ndani usio na mume wala mke.

Lakini sarufi ya Kilatini inasema jambo jingine. Maneno anayotumia kusema kwamba alivuliwa na kwamba alifanywa yana miisho ya kike. Nomino “mwanamume” tu ndiyo ya kiume. Hata baada ya mabadiliko, anaposema kwamba aliinuliwa hewani, mwisho ni wa kike vilevile. Na msimamizi wa pambano, mtu mrefu kupita kimo cha uwanja, mwenye tawi la kijani lenye matofaa ya dhahabu, anapotangaza masharti humwashiria mpiganaji huyu kwa kiashiria cha kike. Anapomkabidhi tawi anamwita binti na kumtakia amani. Kwa hiyo ndani ya njozi yenyewe hakuna anayedanganyika: mwili umepewa misuli ya kiume kwa kazi ya saa moja, lakini anayesema “mimi” hajabadilika.

Mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa hapa na tatizo ambalo Mfaransa au Mwitalia hana. Kiambishi chetu ni- hakijui mume wala mke. Tukisema “nikavuliwa nguo, nikawa mwanamume”, mgongano wa sarufi umepotea, na msomaji ataona badiliko kamili. Kwa upande mwingine ni- hiyo hiyo inayoendelea bila kubadilika yatupa kitu ambacho Perpetua bila shaka alikikusudia, yaani nafsi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Uzito wote sasa unaliangukia neno moja la msimamizi. Mfasiri asithubutu kuandika “mwanangu” pale, ingawa lina upole. Hapana budi aandike “binti”. Na yule mchungaji wa njozi ya kwanza, anayemkaribisha kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mtoto asiyetajwa jinsia, yeye ndiye apewe “mwanangu”. Ni nadra Kiswahili kuweza kutunza tofauti kama hiyo bila tanbihi, na ingekuwa hasara kuitupa.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, kitabu hiki kilifundishwa kama tawi la fasihi ya Kirumi, na Afrika ilitajwa kama anwani tu. Katika mitaala ya fasihi ya huku kwetu ninayoijua sijakikuta, kimeachiwa seminari. Simdai Perpetua kuwa wetu kwa nasaba: jina Afrika wakati ule lilikuwa la jimbo moja la Dola la Kirumi. Lakini yaliyomo, mfungwa anayeandika, baba na binti wasiosikilizana, lugha ya mtawala iliyogeuzwa kuwa ya ushuhuda, ni mambo ambayo wanafunzi wetu wanayo vifaa vya kuyahakiki.

Tukiwa waadilifu lakini, hapana budi kuigeuzia hoja yetu Perpetua mwenyewe. Katika kurasa zake zote hamtaji Felicitas hata mara moja. Walifungwa pamoja, walibatizwa na kuhukumiwa pamoja, naye Felicitas alikuwa na mimba ya miezi minane. Yote tunayoyajua juu ya mtumwa huyu yametoka kwa mhariri. Sheria haikuruhusu mwanamke mjamzito auawe, naye alihuzunika kwamba wenzake watamtangulia. Wakaomba, akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Mlinzi mmoja alimdhihaki, akimwuliza atafanyaje mbele ya wanyama ikiwa analia hivi kwa uzazi. Jibu lake ni kwamba sasa anateseka mwenyewe, lakini siku ile mwingine atakuwa ndani yake akiteseka kwa ajili yake. Ni jibu zuri mno, nami natamani kuamini kuwa ni lake. Lakini limepita katika mikono ya mtu mwenye ujuzi wa balagha, na hatuna ukurasa wake wa kulilinganisha nao. Kalamu ilikuwa ya mwenye elimu. Mtumwa alipata sifa bila kalamu.

Mhariri anawakutanisha uwanjani, na hapa nakiri kwamba ameandika vyema. Michezo ilikuwa ya kusherehekea siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari Septimius Severus. Wanawake wakaachiliwa mtamba mkali. Kwanza walitolewa wakiwa wamevikwa nyavu tu, hata umati wenyewe ukaingiwa na kitetemeshi kuona mmoja ni msichana mwororo na mwingine ametoka kujifungua, maziwa yanamdondoka; wakarudishwa kuvikwa nguo. Perpetua alipoangushwa, alivuta vazi lililopasuka kufunika paja, akaomba pini ya nywele ili asionekane kama mfiwa. Kisha akamwona Felicitas amelala chini, akamwendea, akampa mkono na kumwinua. Yale ambayo Perpetua hakuyaandika aliyatenda, ikiwa tutamwamini msimulizi.

Baada ya hapo ibada ilienda mbio. Kalenda ya Kirumi ya mwaka 354 inawataja wote wawili. Karthago kulijengwa basilika juu ya makaburi yao. Augustino aliyachezea majina yao yakawa heri ya milele. Yakatungwa pia masimulizi mafupi ya kusomwa, yale yaitwayo Acta, na humo yameongezwa mambo ambayo Perpetua aliyanyamazia, kama vile mume, ambaye katika kurasa zake hayupo kabisa. Watungaji waliona pengo wakaliziba. Matini ndefu ikapungua kusomwa, hata Lucas Holstenius alipoikuta Monte Cassino katika karne ya 17, na nakala ya Kigiriki ikapatikana Yerusalemu mwaka 1889.

Pengo moja hawakuliziba. Mtoto wa Perpetua alibaki kwa babu yake, na kuanzia hapo hatajwi tena. Wa Felicitas alikuwa wa kike, akachukuliwa na dada mmoja katika imani, aliyemlea kama mwanawe. Si Perpetua, si mhariri wake, aliyeandika majina yao.